Mwonja Miaka wa Itebelo

1

Asubuhi ya siku ya nne tangu aamshwe, Tupokigwe alifika kwa jirani yake na mzigo wa kuni kichwani na beseni la maharage kiunoni, kanga ya pili kaifunga tumboni kama mwanamke aliyekuja kulala matanga. Alipofika uani akatua kuni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaangua kilio.

"Yoo, Kajeba wee! Umetuacha na nani, baba wa watu? Umetuacha na nani?"

Mlango ukafunguka. Aliyetokea ni Mzee Kajeba mwenyewe, kisu mkono huu, ndizi iliyomenywa nusu mkono ule.

"Mama Gwamaka," akasema, "nani kafa tena?"

Kilio kikakatika. Akamtazama mzee wa watu kuanzia kandambili hadi mvi, na mvi zenyewe zilikuwa chache kuliko alivyoziacha. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Mzee huyu alikuwa hajafa. Alikufa kule, kwenye miaka aliyoonjeshwa, siku mbili kabla fundi hajamvua kofia ya nyuzi. Tanga lilikuwa halijaanuliwa, na jirani mwema haachi tanga la jirani katikati. Miguu yake ilikuwa imekuja kumalizia.

"Nisamehe, shemeji," akasema, akijipangusa uso. "Nimechanganya siku."

Lakini hakuna mtu pale Itebelo asiyejua Mama Gwamaka alikuwa akifanya nini kwenye ofisi ya chama. Kajeba akacheka hata kisu kikamdondoka.

"Kumbe nilikufa! Ikawaje, watu walikuja?"

"Walijaa."

"Na mdogo wangu, yule Anyosisye, alilia?"

"Alijigaragaza."

"Mnafiki yule! Mwaka wa sita huu haniamkii, halafu anajigaragaza kwenye msiba wangu!"

Mkewe, Mama Bupe, akatoka jikoni huku anafuta mikono. Yeye hakucheka.

"Nyamaza, Baba Bupe, hilo si la kuchekea. Mama Gwamaka, kafa kwa mgombea yupi?"

"Sisimulii, mwenzangu. Aliyeonja hasimulii."

"Husimulii, na kuni umeleta!"

"Kuni ni zako. Na maharage."

"Sitaki kuni za msiba nyumbani kwangu. Zichukue. Na tafadhali, mpaka huo uteuzi wenu upite, tusalimiane kwa mbali."

"Maharage ayaache, mke wangu," Kajeba akasema. "Marehemu ana njaa."

Mama Bupe alikwisha kulisukuma beseni kwa mguu. Tupokigwe akajitwika mzigo wake, akashika njia ya kurudi. Penye kituo cha maziwa, wanawake watatu walikuwa wakiingojea ndege nyuki ya ushirika ije kuchukua madumu. Walikuwa wanapiga soga, wakaacha. Wakamwamkia, akaitikia, kisha wote watatu wakatazama mawinguni kwa pamoja, na ndege hata mlio wake ulikuwa bado. Hakuna aliyetaka macho yake yakutane na ya mtu ambaye labda alimzika juzi.

2

Chama cha Chemchemi hakijawahi kushindwa katika mkoa ule tangu wananchi waanze kujichagulia meya wa mkoa. Kwa hiyo mtu akishatajwa ukumbini kuwa mgombea wa chama, huyo ndiye meya, kura za wananchi ni kumvalisha koti tu. Na wazee waliokianzisha chama walilijua hilo, wakaogopa. Wakakumbuka desturi ya nyumbani: mwenye kupika pombe ya ulezi hampi mgeni mrija kabla ya yeye mwenyewe kuuvuta. Mgeni amwone anameza. Ndivyo uchawi unavyotolewa chunguni. Wakasema, basi na sisi, kabla ya kuwapelekea watu meya, mmoja wetu amwonje.

Zamani hilo lilikuwa neno la mdomoni tu. Kilipokuja kitanda, likawa kazi.

Kitanda chenyewe kilikaa kwenye chumba cha nyuma cha ofisi, palipokuwa zamani pakipimiwa majani ya chai, na harufu ya chai ilikuwa haijatoka ukutani. Hakikuwa na maajabu. Godoro, kofia ya nyuzi nyembamba kama za buibui, mpira wa maji ya chumvi kwenye mkono, na kabati la chuma lililonguruma kama paka aliyeshiba. Ndani ya kabati zilishindiliwa mvua za miaka sitini, daftari za zahanati zote, mizani za chai, tiketi za mabasi, watu waliohama na waliorudi. Juu ya hayo akatiwa mgombea mzima mzima, alichosema na alichotenda tangu darasa la kwanza, hata anavyomsemesha mchunga ng'ombe wake. Kabati likapika. Mtu akilala siku tatu, anaishi miaka kumi ya meya huyo, siku kwa siku, na mwili wake, kwenye nyumba yake.

Mwonjaji hupatikana kwa kura ya punje za mahindi. Sharti awe mwanachama asiyewahi kushika cheo, asiye na nyumba ya pili pengine, asiyepita darasa la tano. Mtu ambaye meya atamfikia kwenye ndoo yake na kwenye foleni ya dawa, si kwenye gazeti. Mwaka huu punje nyeusi ilimwangukia Tupokigwe, mjane wa miaka sitini na sita, mama wa mtoto mmoja, Gwamaka, na huyo mmoja hakuwapo.

"Umekuja, dada," akasema Fundi Mwakibete. Alikuwa mtu mzima wa kukaribia kustaafu, mwenye kikohozi cha vumbi la chai na viatu vilivyong'arishwa. "Umelala vizuri siku hizi nne?"

"Nimekwenda kulia msiba wa mtu mzima wa afya."

"Hutokea. Wa mwaka ule mwingine alimwamkia mkewe kwa jina la mke wa pili."

"Ikawaje?"

"Akampata wa pili kweli, maana wa kwanza aliondoka." Akakohoa. "Kaa. Leo ni zamu ya Bi. Ikupa, mgombea wa pili. Ukiamka kwa huyu, kazi imekwisha."

Tupokigwe akaketi ukingoni mwa kitanda, hakulala.

"Mwakibete, nikuulize kitu. Yule mtoto yuko wapi sasa?"

Fundi alijua mtoto gani. Tupokigwe alikuwa ameamka akimwita.

"Hayupo, dada."

"Hayupo, au hajazaliwa?"

"Hapo sasa." Mwakibete akavuta kigoda. "Sikiliza nikwambie kweli. Kabati hili kwa maji halikosei. Mvua, chemchemi, mto, udongo, sumu kwenye mto, hayo linayajua kuliko Mungu alivyotaka lijue. Kwa watu linabahatisha. Limeona vijana wa kwetu waliokwenda kaskazini, limeona kazi ikija nyumbani nani hurudi, likasema na Gwamaka atarudi. Labda. Mtoto ndiye labda ya labda."

Labda ya labda. Na Tupokigwe alikuwa amekaa naye miaka mitano.

Maana kwenye miaka ya Mwalimu Asukile Mwandemele, mgombea aliyeonjwa kwanza, mambo yalikwenda hivi. Mwaka wa kwanza lami. Mwaka wa pili kiwanda cha betri, paa lake linang'aa ng'ambo ya bonde kama ziwa. Mwaka wa tatu, siku ya gulio, Gwamaka akapanda kilima na begi moja, yeye aliyekuwa mwaka wa tisa kwenye mashamba ya umeme wa jua kule nyanda kame za kaskazini bila simu wala salamu. Akasimama mlangoni, akasema, "Mama, kuna chai?" kama mtu aliyetoka jana. Baadaye akaja mke, na baada ya mke akaja mtoto wa kike akapewa jina la bibi yake. Walikuwa wakiitana somo. Somo mdogo hakulala mpaka ashike sikio la somo mkubwa.

Hiyo ni sehemu moja ya miaka. Sehemu ya pili ilikuwa Kasyeto, nyuma ya kilima, mahali ambapo mtu akiwa mlangoni kwa Tupokigwe hapaoni. Maji ya chemchemi ya Kasyeto yalikwenda kuosha mawe ya betri, yakarudi mtoni yakiwa yameoga sumu yake. Kuanzia mwaka wa tano watoto wa kule wakaanza kuvimba nyuso. Wanawake wa chama hupelekwa misibani, na Tupokigwe akapelekwa. Makaburi yalikuwa mafupi, yanachimbwa kwa muda mfupi, wanaume wanamaliza kabla jasho halijatoka. Alihesabu mpaka thelathini na moja akaacha. Na Asukile hakuwa mtu mbaya. Alifika kila mara, akashika jembe mwenyewe, akalia machozi ya kweli. Kisha akarudi ofisini, na kiwanda kikaendelea kunguruma kwa sababu watu elfu tatu walikuwa wakila humo, pamoja na Gwamaka.

"Nikisema niliyoyaona?" akauliza. "Nikisema waziwazi, wakayarekebisha?"

"Ukisema, kuonja kunafutwa, unajua. Kulikuwa na mwaka walioruhusiwa kueleza. Aliyejua kueleza ndiye akashinda, wagombea wakawa wanawanoa waonjaji midomo. Wakaweka wawili, wawili wakapigana kwa mabenchi. Ndipo wakasema jina moja, basi. Kuonja kukifutwa, wajumbe watanyoosha mikono." Mwakibete akatazama viatu vyake. "Na mikono mingi, dada, inataka kiwanda. Hata mimi nina wajukuu hawana kazi."

Tupokigwe akalala, akavalishwa kofia.

3

Bi. Ikupa Mwaisaka alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, asiyejua kuchekea wakubwa. Miaka yake ilianza na mvua na iliendelea na mvua. Kiwanda alikikataa mwezi wa pili, mbele ya watu, wakamzomea. Barabara ikabaki ya udongo, ila mitaro ikazibuliwa. Kila chemchemi ikazungushiwa uzio na kupewa mlinzi mwenye daftari. Zahanati ya kilimani ikapata taa na mkunga asiyefoka. Ukikaa barazani asubuhi, ungewasikia watoto wa Kasyeto wanavuka kilima kuja shule, wengi, wanaimba ovyo ovyo, wanatupiana magunzi.

Mwaka wa tatu, siku ya gulio, Tupokigwe alioga mapema akateremka stendi. Alijua ni upuuzi. Alikaa kwenye benchi la muuza magimbi, akanunua gimbi moja asionekane amekaa bure, akatazama mabasi yote ya siku hiyo yakishusha watu. Wakashuka watu wa watu. Alirudi na gimbi lake, halijaumwa.

Hakuna aliyemkosea, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulieleza. Mwaka wa sita alipoteleza akavunjika kifundo cha mkono, muuguzi alimfuata nyumbani mara nne, tena kwa upole. Majirani walimwitikia salamu. Mafao ya wazee yalifika tarehe yake. Lakini mkungu mmoja wa ndizi ulikuwa unamshinda, unaivia jikoni na kuoza nusu. Sufuria ya watu watano akaigawa, akanunua ya watu wawili, akaigawa na hiyo. Kufikia mwaka wa tisa alikuwa anachemshia kwenye kikombe cha bati. Alianza kumjibu mtangazaji wa redio. Akisema, "Habari za asubuhi, wasikilizaji," naye husema, "Njema, baba, umeamkaje?" kisha husubiri kidogo kwa adabu, kabla ya kukumbuka.

Miaka kumi. Siku elfu tatu na mia sita na ushei, na karibu zote zinafanana kama punje za gunzi moja.

Alipoamka, Mwakibete alikuwa amemshikia bakuli la uji.

"Dada. Pole na safari."

Tupokigwe akanyoosha mkono akagusa shavu la fundi, akalishika, hakuliachia upesi. Mzee wa watu akaona haya, akatazama ukuta, lakini hakujitoa. Alikuwa amewaona wengi wakiamka. Huyu ndiye wa kwanza aliyeamka akitafuta tu ngozi ya mtu.

4

Palibaki siku mbili kabla ya mkutano. Namba ya Gwamaka aliyokuwa nayo ilikwisha kufa zamani. Lakini kule kwenye miaka ya Asukile, mwanawe aliwahi kumwambia jina la kambi, Kambi ya Saba, akamwambia na jambo jingine, siku moja wakichambua maharage. Mchana ule akapiga simu mitambo ya kaskazini, akaomba Kambi ya Saba, akaomba Gwamaka Mwakatika. Akashangaa kusikia mtu anaitwa kwa sauti kwenye upepo.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

Upepo ukavuma kwanza.

"Mama?"

"Mimi, baba. Hujambo?"

"Sijambo, shikamoo. Kuna msiba?"

"Marahaba. Msiba hakuna. Nina swali moja tu, halafu nikuache na kazi. Siku tuliyomzika baba yako, ulifika stendi ya Itebelo. Ukakaa kwenye benchi la muuza magimbi mpaka saa kumi. Ukarudi na basi lile lile. Kweli au uongo?"

Tupokigwe akaitoa simu sikioni kuitazama kama haijakatika.

"Nani kakwambia?" Gwamaka akasema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Kwa nini hukupanda kilima, mwanangu?"

"Nilichelewa. Niliona watu wanateremka na majembe. Sasa nipande niseme nini? Nikasema nitakuja kesho yake. Halafu kesho yake. Ilikuwa inazidi kuwa nzito, Mama."

Maneno ni yale yale aliyoyasema kwenye maharage, hata ile kesho yake ya pili. Kabati la Mwakibete, alilosema linabahatisha kwa watu, kwa huyu mmoja lilikuwa limepiga palepale.

"Una mtu huko? Wa kukupikia?"

"Yupo mtu. Ni mpishi wa kambi. Tunazungumza."

Hakuuliza jina. Aliogopa asije akatajiwa lile alilolijua kule, la mkwewe.

"Mama," Gwamaka akasema, na sasa sauti ilikuwa na haraka, "redio inasema mwonjaji mwaka huu ni mama mmoja wa huko Itebelo. Ni wewe?"

"Hilo siongei."

"Ni wewe. Usingejua habari za stendi. Sikiliza, Mama. Huku tuko arobaini wa kutoka huko, tunalala kwenye makontena, jua linatuchoma hata likiwa limezama. Huyo Mwalimu Asukile anasema ataleta kiwanda. Akipita, mimi narudi. Naapa kwa kaburi la mzee, narudi nikae na wewe. Mtaje tu."

"Na akipita mwingine?"

"Mwingine nije kufanya nini huko, kuchuma chai na miaka yangu arobaini? Jina moja tu, Mama. Wala hutakiwi kueleza. Nani atajua?"

Hapo ndipo penyewe. Hakuna ambaye angejua. Kasyeto wasingejua, maana mtu hajui kifo alichouziwa mpaka kimfikie, na akifikiwa husema ni Mungu. Angejua yeye peke yake, na hata yeye, mtoto akiwa amemshika sikio, angeweza kusahau siku nzima nzima. Kule alisahau. Hilo ndilo lililomtisha kuliko makaburi: kwamba aliwahi kutoka kuzika mtoto wa mtu asubuhi, na jioni yake akacheka.

"Gwamaka, ukipata likizo, hata ya siku tatu, huwezi kuja tu? Bila kiwanda?"

"Nauli ni mshahara wa miezi miwili, Mama."

"Haya, baba."

"Utamtaja?"

"Kula vizuri huko," akasema, "na huyo mpishi mwambie ninamsalimu." Akakata yeye wa kwanza, kwa sababu angesubiri kidogo tu angesema ndiyo.

5

Ukumbi ulijaa wajumbe mpaka madirishani. Mwenyekiti, Mama Atuganile Mwasomola, mwanamke mnene wa sauti tamu, aliketi mbele. Wagombea wawili walikaa kushoto na kulia kwake, mikono magotini, kama wanafunzi waliokosa. Asukile alikuwa ameshona suti mpya. Ikupa alikuja na buti za kuingilia zizini, maana kuna mtu alimwita njiani, ng'ombe wake ameshindwa kuzaa.

Tupokigwe akaitwa. Alipita katikati ya mabenchi, na watu walikunja magoti kumpisha zaidi ya ilivyohitajika.

"Lete kiwanda, bibi!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Toka nje, nani huyo!" mwenyekiti akafoka, kisha akalainika. "Mama Gwamaka, umeonja?"

"Nimeonja."

"Vyungu vyote viwili?"

"Vyote viwili, mpaka machicha."

"Chungu cha nani wapewe watu?"

Alikuwa amejiandaa kulitoa jina upesi, kama mtu anavyong'oa mwiba. Lakini akamwona Somo mdogo waziwazi, si machozi, si ndoto, ila vile alivyokataa ndizi mpaka ziwe zimepondwa, na vile alivyoficha ulimi kwenye pengo la jino. Watu wakaanza kuangaliana. Asukile akamtazama kwa upole kabisa, na upole ule nusura umshinde. Ikawa kama anayesubiriwa amuue mtoto mbele ya wajumbe, tena wampigie makofi.

"Mama Gwamaka," mwenyekiti akasema taratibu.

"Ikupa Mwaisaka."

Ukumbi ukaguna kama ng'ombe aliyeshtuliwa. Kuna waliopiga vigelegele, lakini wachache, na vikakatika. Mwenyekiti mwenyewe alikunja uso, akaukunjua. Likabaki swali la tatu, ambalo wazee waliliweka ili mtu asimpe mwenzake asichoweza kumeza yeye.

"Na wewe utakinywa?"

Walioliuliza miaka yote waliliona ni la kupamba shughuli. Waonjaji hujibu huku wakicheka, wakishukuru, wakitafuta njia ya kwenda kwenye chakula. Tupokigwe alisimama nalo. Mwaka wa kwanza mvua. Mwaka wa tatu stendi. Mwaka wa sita mkono. Kikombe cha bati. Alikwisha kukinywa chungu hicho mara moja, na mara ile hakujua kinachofuata. Kila siku iliweza kuleta mtu. Sasa angekinywa akijua.

"Nitakinywa," akasema.

"Rudia, nyuma hawakusikia."

"Nimesema nitakinywa! Mimi wa kwanza."

Hakukaa kula. Nje wajumbe walikuwa wamesimama makundi makundi, wengine wanabishana, wengine wanapiga simu kuwaambia wa mbali. Mahali fulani kwenye hizo simu palikuwa na Kambi ya Saba, na watu arobaini kwenye upepo. Simu yake mwenyewe iliita mara moja kwenye mfuko wa ndani. Alipoitoa ilikuwa imekatika. Akaishika kiganjani kitambo, haikuita tena.

"Wewe bibi!"

Mwanamke kijana alikuwa anamjia kwa hatua za ugomvi, mtoto mgongoni, vumbi la njia ya Kasyeto limempanda mpaka magotini. Tupokigwe alimjua kabla hajafika. Subilaga. Kule kwenye miaka ya Asukile walikwisha kukaa mkeka mmoja misibani mara mbili, na mara ya pili Subilaga hakuwa na sauti tena ya kulia, alikuwa anapuliza tu kama mtu anayepoza uji.

"Tumetembea tangu alfajiri kuja kusikia hilo?" Subilaga akasema. "Mume wangu ana miaka mitatu anangoja hicho kiwanda. Miaka mitatu! Wewe umeshazeeka, una migomba yako, sisi wenye watoto tule nini? Ulituonaje huko, maiti?"

Watu wakageuka. Mmoja akacheka.

"Nisamehe, mwanangu," Tupokigwe akasema.

"Msamaha haupikwi!"

"Ndiyo, haupikwi." Akatazama nyuma ya bega la mama. Mtoto alikuwa anatafuna ncha ya kanga, uso wake mwembamba, mashavu makavu, macho mawili makubwa yasiyovimba. "Huyu anaitwa nani?"

"Wa nini kwako?"

"Basi tu."

"Anaitwa Tumpe," akasema Subilaga, na kwa kuwa alilelewa, akaongeza kwa kinyongo, "Tumpe, mwamkie bibi."

Mtoto akatoa kanga mdomoni. "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Kua."

"Atakua kwa kula nini," Subilaga akasema, akamrusha mtoto vizuri mgongoni, akafunga fundo la kanga kifuani kwa hasira, akaondoka akiongea peke yake. Waliteremka njia ya Kasyeto, na mpaka walipofika kwenye kona mtoto alikuwa bado amegeuza shingo.